Boksi linasema miezi sita, mbona betri ya kamera yangu imeisha siku tisa?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Niko Njombe mjini, Mji Mwema. Mwezi wa sita nilinunua kamera ya usalama ya nje, ile ya betri na waifai, baada ya kuibiwa kuku na nguo za kwenye kamba. Mume wangu anafanya kazi Songea, hapa nabaki na mama mkwe, watoto na dada wa kazi. Kamera imefungwa juu ya mlango wa mbele, chini kabisa ya bati, inatazama geti lililo kama mita kumi na mbili. Pembeni ya geti kuna mianzi, na nje ya geti kuna njia ya watu na bodaboda. Boksi linasema betri inakaa miezi sita, yangu iliisha siku ya tisa. Usiku simu inalia mpaka nimeizima sauti, na video nyingi hazina mtu. Alfajiri picha inakuwa nyeupe tupu. Juzi mtu aliingia mpaka kwenye banda la kuku, video ikaanza akiwa ameshanipa mgongo anaondoka. Jirani anasema baridi ya huku inaua betri. Fundi anasema niichomeke moja kwa moja kwenye umeme au ninunue sola. Muuzaji anasema niwashe kile cha kutambua watu tu. Bando nalo linaisha haraka. Niirudishe dukani nichukue za waya?"*

Pole sana dada yangu, kwa kuku na kwa hizo usiku za kushtuka kila simu inapolia huku mwenzako yuko mbali. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jirani, fundi na muuzaji kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila ukivifuata vipande hivyo kimoja kimoja utatumia hela na tatizo litabaki palepale. Kwa maelezo uliyonipa, sidhani kama kamera yako ni mbovu. Inaamshwa mno, na imefungwa mahali ambapo haiwezi kumwona mtu kwa wakati.

Tuanze na hiyo miezi sita. Kamera ya betri kwa kawaida hairekodi muda wote, na watu wengi hawaambiwi hivyo wakati wa kununua. Karibu siku nzima imelala. Kinachobaki macho ni sensa ndogo ya mwendo na sehemu ya mawasiliano, na vyote viwili vinakula umeme kidogo sana. Sensa ikihisi kitu inaiamsha kamera nzima: inaanza kurekodi, inawasha taa zake za gizani kama ni usiku, inatuma taarifa kwenye simu yako, kisha inalala tena. Betri inaliwa hasa katika zile sekunde za kuwa macho. Mtengenezaji anapoandika miezi sita anakuwa amepiga hesabu ya kuamshwa mara chache kwa siku, na sharti hilo mara nyingi liko kwenye maandishi madogo ndani ya kile kijitabu ambacho hakuna anayekisoma.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua betri ya mAh 5,200 (namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye betri), kiasi cha kawaida kwa kamera za namna hii. Kwa volti 3.6 hiyo ni kama wati-saa 18, yaani umeme wa kuendesha kifaa cha wati 1 kwa saa 18. Tuseme 16 ndizo zinazotumika kweli. Kamera ikiwa macho usiku inakula kama wati 2, na tukio moja, tangu kuamka mpaka kumaliza kutuma, tulipe nusu dakika. Hapo tukio moja linakula sehemu moja ya sitini ya wati-saa, yaani betri nzima ina matukio kama 960. Ikiamshwa mara 5 kwa siku, hesabu inakupeleka miezi sita, ukitoa kidogo kinacholiwa ikiwa imelala. Ikiamshwa mara 10, ni kama miezi mitatu. Ikiamshwa mara 110, siku tisa hazifiki. Kamera yako inaweza kutofautiana na mfano huu kwa kiasi fulani, lakini picha ni hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, fungua programu ya kamera kwenye simu, chagua siku moja ya kawaida, uhesabu matukio yote, ya mchana na ya usiku. Ukikuta yamepita mia, umeshajua betri yako inakokwenda.

Sasa, kwa nini iamshwe hivyo? Sensa ile haioni picha. Iangalie kwa karibu: chini ya lenzi kuna kioo kidogo cha plastiki nyeupe kama maziwa, kikiwa na mistari au vijigawanyo. Kazi ya vijigawanyo hivyo ni kukata eneo la mbele kuwa vipande vipande. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni, na joto linapohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine ndipo sensa inashtuka. Mambo mawili basi yanaamua kama itashtuka au la: tofauti ya joto kati ya kinachopita na mazingira yake, na namna kinavyopita. Anayekatiza mbele ya kamera, kutoka kushoto kwenda kulia, anavuka vipande vingi haraka na sensa inamnasa mapema. Anayeijia uso kwa uso anabaki ndani ya kipande kilekile kwa hatua nyingi, kwa hiyo anaweza kusogea karibu sana kabla haijashtuka.

Hapo ndipo baridi inapoingia, na hapo jirani yako amepatia nusu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ni kweli betri ya lithiamu hutoa chaji pungufu kidogo kwenye baridi, lakini kwa baridi ya namna hiyo upungufu ni mdogo na unarudi ikipata joto. Huo hauwezi kugeuza miezi sita kuwa siku tisa. Baridi inakuumiza kwa mlango mwingine: mwili wa mtu wenye joto, ukipita mbele ya hewa na ukuta vilivyopoa, unaonekana waziwazi kwa sensa. Kitu ambacho mchana wa jua kali kisingeshtua, usiku wa Julai kinashtua kutoka mbali. Mbwa wa jirani, mtu anayetoka kazini, bodaboda yenye injini na ekzosi ya moto, vyote vinaingia hata kama viko nje ya geti.

Hilo pia linajibu swali la video zisizo na mtu. Kuna mtu alipita kweli, ila alipita njiani, na mpaka kamera ikaamka alishatoka kwenye picha. Bodaboda inayokwenda kilomita 30 kwa saa inavuka mita 8 kila sekunde. Kamera nyingi za betri zinahitaji sekunde moja au zaidi kuamka, kwa hiyo unachobakiwa nacho ni vumbi, au njia tupu. Mianzi ina kesi yake, lakini zaidi mchana: jua likishapasha majani na upepo wa saa nane ukayatikisa, sensa inaona joto linacheza. Usiku majani yanakuwa na joto sawa na hewa, hivyo mianzi si mshitakiwa mkuu wa kelele za usiku.

Muuzaji alikwambia uwashe kutambua watu tu. Uwashe, utalala vizuri, lakini usitegemee betri ipone kwa hilo peke yake. Ili kamera iamue kama kilichopita ni mtu au mbwa, ni lazima iamke kwanza, ichukue picha, iichambue. Ulaji mkubwa umeshafanyika. Unachookoa ni kelele za simu, na kwenye baadhi ya kamera muda wa kurekodi na kutuma. Vivyo hivyo yale maeneo unayochora kwa kidole kwenye programu. Kamera nyingine zina sensa iliyogawanywa pande, na ukizima upande mmoja haiamki kabisa. Hapo betri inapona. Nyingine zinachora kwenye picha tu, maana yake zimeshaamka. Utajua kwa kujaribu: funga upande mmoja, mwambie dada wa kazi apite huko mara kadhaa, uangalie kama kile kitaa cha mbele kinawaka. Kikiwaka, kamera imeamka hata kama simu yako imenyamaza.

Dawa ya kweli ni mahali na mwelekeo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kwingine kote.

Kamera yako inatazama geti uso kwa uso kutoka mita kumi na mbili. Kila anayeingia anaijia moja kwa moja, yaani kwa njia ambayo sensa inamwona vibaya kabisa, wakati wapita njia wa nje wanakatiza mbele yake, njia ambayo sensa inawaona vizuri kabisa. Umeiweka iwaone wasiohusika na imkose anayehusika. Mtu wa juzi aliingia, akanyoosha kuja kwako, akakata kona kwenda bandani, na kamera ikamshtukia alipogeuka kuondoka. Mtu anayetembea haraka anavuka karibu mita 2 kwa sekunde. Akipata sekunde mbili za mwanzo bila kurekodiwa, ameshapiga mita nne.

Kingine ni umbali. Watu wa fani ya kamera wana kipimo kinachotumika kimataifa: ili uso wa mtu usiyemjua utambulike vizuri, unahitaji kama pikseli 250 (vidoti vinavyojenga picha) kwa kila mita ya upana wa eneo unalopiga. Kamera yenye upana wa pikseli 2,560 na lenzi ya kuona nyuzi 110 inatimiza kipimo hicho mpaka kama mita tatu na nusu. Kamera ya pikseli 1,920 haifiki mita tatu. Kwenye mita kumi na mbili utajua kuna mtu, utajua amevaa koti au kanzu, basi. Hakuna polisi atakayemkamata mtu kwa picha hiyo, na tangazo la boksi linalosema "inaona mpaka mita kumi" lina maana ya kushtuka, halina maana ya kutambua sura.

Kwa hiyo iteremshe pale mlangoni uipeleke mahali ambapo mwizi analazimika kusimama. Kwako mimi ningechagua mlango wa banda. Ifunge kwenye ukuta wa pembeni, au kwenye nguzo imara, kama mita tatu mpaka nne kutoka kwenye komeo la banda, kwa kimo cha mita 2.2 hadi 2.5, ikitazama chini kidogo, na kwa namna ambayo anayetoka getini kwenda bandani anakatiza mbele yake. Usiweke juu zaidi ya hapo ukidhani unaikinga na wezi. Utapata picha nzuri sana za kofia. Ukishaifunga, tembea wewe mwenyewe ile njia, mchana na usiku, ukiwa umevaa koti na kofia kama anavyovaa mtu wa Njombe usiku, uangalie video inaanzia wapi na uso unaonekana lini. Kisha isogeze nyuzi chache, utembee tena. Kazi hii ya jioni moja ina thamani kuliko kifaa chochote cha kuongeza utakachouziwa.

Kama ukuta wa banda bado unaruhusu sensa kuona njia ya nje, bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme juu ya ile plastiki nyeupe, upande unaotazama njia. Mionzi ile haipiti kwenye utepe. Anza na kipande chembamba, jaribu, ongeza. Haidhuru kamera na ukibandua inarudi kama ilivyokuwa. Mianzi nayo punguza matawi yanayoning'inia mbele, kama mama mkwe ataridhia.

Kwenye mipangilio utakuta muda wa kupumzika kati ya rekodi moja na nyingine. Kamera ikiwa kwenye hali ya kubana betri, muda huo unaweza kuwa dakika kadhaa, na katika dakika hizo mtu anaweza kuingia na kutoka bila kuonekana. Mimi, mahali pa tukio, napendelea muda mfupi kabisa na rekodi ya sekunde 15 hadi 20, kwa sababu ukishapunguza mashtuko ya bure betri itaumudu. Kubana betri kwa kuifumba kamera macho ni kujinyima kile ulichokinunulia.

Picha nyeupe ya alfajiri ina maelezo mepesi. Gizani kamera inawasha taa za infraredi zilizozunguka lenzi. Ukungu ukitanda, matone yake yanarudisha mwanga huo kwenye lenzi kabla haujafika uani, sawa na taa kali za gari unapopanda mlima Kitonga kwenye ukungu. Zaidi ya hapo, kamera iliyobanwa chini ya bati inamulika ukingo wa bati na ukuta ulio karibu, mwanga unarudi mkali, kamera inajipunguzia mwanga, na uwanja unabaki mweusi. Ukiihamisha ikawa mbali na bati na kuta, sehemu kubwa ya shida hii itaisha. Kwa ukungu mzito, zima taa za kamera utegemee balbu ndogo ya nje iliyofungwa mita kadhaa kutoka kwenye kamera, karibu na banda. Na asubuhi futa lenzi kwa kitambaa laini kwa sababu umande hukaa pale, na buibui hupenda sana joto na wadudu wanaofuata taa. Utando mmoja mbele ya lenzi unaharibu usiku mzima. Lakini ukiona unyevu uko ndani ya kioo, hilo si la kufuta. Kagua kama kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaja kilifungwa sawasawa, na kama kilikuwa sawa, hiyo irudishe dukani.

Waifai pia inakula betri kimyakimya. Tofali za kuchoma na bati vinapunguza mawimbi, na kamera iliyo mbali na rauta inatumia muda mrefu kutuma video ileile, muda wote ikiwa macho. Programu nyingi zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa: ukiona karibu −50 uko salama, ukiona −70 na kuendelea unateseka. Sogeza rauta kwenye dirisha la upande wa banda na hakikisha kamera iko kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, yanayopenya ukuta vizuri kuliko yale ya 5 GHz. Kumbuka pia kwamba umeme ukikatika kamera yako itakuwa hai lakini rauta itakuwa imekufa, kwa hiyo simu haitapata taarifa. Ndiyo maana memori kadi ndani ya kamera ni ya lazima, na kibetri kidogo cha akiba cha kuendesha rauta ni ununuzi wa maana kuliko kamera ya pili.

Bando lako linafuata hesabu ileile ya matukio. Video ya sekunde 15 ikitumwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde ni karibu MB 4. Matukio 110 kwa siku ni MB 440 au zaidi, yaani GB 13 kwa mwezi, kama kila video inapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukiyapunguza yakawa 15 ni MB 60 kwa siku, chini ya GB 2 kwa mwezi. Unaweza pia kuacha video zibaki kwenye memori kadi na kutuma picha moja tu ya taarifa, bando litapumua. Ubaya wake nakwambia wazi: mwizi akiing'oa kamera, kadi imeondoka nayo. Kwa mtu aliyeshaibiwa, mimi ningelipia hifadhi ya mtandaoni kwa video za usiku, kama programu yako inaruhusu kuchagua saa.

Twende kwa fundi na sola yake. Sola ni nzuri, ila nunua baada ya kupunguza mashtuko. Paneli ya wati 3 ikipata saa nne za jua zuri inaweza kukuingizia wati-saa 6 hivi baada ya kutoa hasara za njiani. Matumizi ya matukio 110 ni karibu wati-saa 2. Siku ya jua unabaki na ziada, lakini siku za ukungu zikifuatana, na kati ya Januari na Machi mvua ikikaza, paneli inaweza kuambulia kidogo sana na betri ikashuka tena. Ukiwa na matukio 15 hata hizo siku mbaya haziathiri kitu. Paneli iweke mahali pasipo na kivuli cha bati wala mianzi, iinamishe kidogo, nyuzi 10 hadi 15, kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta na jua la miezi ya baridi linapita upande huo. Mwinamo huo unasaidia pia mvua kuosha vumbi jekundu la kiangazi.

Kuichomeka moja kwa moja kwenye umeme ni jambo la kuuliza kijitabu kwanza. Kamera nyingi za betri hata zikichomekwa zinaendelea kulala na kuamka vilevile. Hazigeuki kuwa za kurekodi saa 24. Na waya wa chaja ya simu uliopitishwa nje kwenye mvua, kwenye tundu lisiloziba, ni kutafuta shoti. Kwa kuchaji, toa betri au kamera, ichaji ndani ya nyumba kwa chaja ya volti 5 inayolingana na iliyoandikwa kwenye kifaa. Ndugu zetu wa Makete na wa jirani na Kitulo, ambako sakitu huanguka, wazingatie zaidi: kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu moja kwa moja, hata kama haionekani siku hiyo.

Je, uhamie za waya? Kama unataka rekodi ya mfululizo, mchana kutwa na usiku kucha, pembe zote za nyumba, jibu ni ndiyo. Kamera ya betri kama yako haitakupa hilo. Za waya zina mashine ya kurekodia, zinahitaji nyaya zilizopitishwa vizuri, betri ya akiba kwa siku za umeme kukatika, na fundi anayejua kazi, kwa sababu nyaya ndefu za nje kwenye nyanda zetu hizi hubeba radi mpaka ndani. Ni gharama kubwa kwa mara moja, na kwa nyumba ya kupanga ni vigumu kuhama nazo. Kwa uwanja wenye geti moja na banda moja, ningekushauri uipe hii uliyonayo nafasi mahali papya kwanza.

Kuna mambo mawili hukuyauliza lakini yanakuhusu. Kamera inayotazama njia inawarekodi majirani kila siku bila ridhaa yao. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Kuigeuza itazame uwanja wako kunakutoa kwenye lawama hiyo na kunaokoa betri. Dada wa kazi naye mwambie waziwazi kamera iko wapi na inaona nini, na isitazame anapolala wala anapoogea. La pili, badilisha neno la siri lililokuja na kamera, weka refu lisilotumika kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama aliyekufungia alitumia akaunti yake, mwambie aiondoe kamera kwake mbele yako, ndipo uisajili upya kwa namba yako.

Ile video ya juzi usiifute. Inakili kutoka kwenye kadi kama ilivyo, bila kuikata wala kuisambaza kwenye magrupu. Sura isiyo wazi imeshawaponza watu wasio na hatia. Ipeleke kituo cha polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako pale kituoni), na mweleze mwenyekiti wa mtaa ili vijana wa ulinzi shirikishi wajue saa na upande alikopitia. Hawa wanaweza kufika kwako usiku, kamera haiwezi.

Na ili usibaki na shaka kama kifaa ni kizima, fanya jaribio hili. Chaji betri ijae, iweke kamera ndani, karibu na rauta, ikitazama ukuta mtupu kwenye chumba kisichopitwa na mtu, uiache siku mbili bila kuifungua kwenye simu. Ikishuka asilimia chache tu, betri ni nzima na shida ilikuwa mahali. Ikishuka asilimia 20 au zaidi bila kuamshwa, hapo muuzaji hana hoja: mpelekee kamera, chaja, risiti na picha za skrini zenye asilimia ya mwanzo na ya mwisho. Betri ikivimba, ikinuka au ikiwa ya moto wakati wa kuchaji, usisubiri siku mbili. Ichomoe, itoe nje mbali na vitu vinavyoshika moto, usiitoboe, na usiruhusu mtu aitupe kwenye shimo la takataka linalochomwa. Angalia leo tarehe ya waranti kwenye risiti, na kama zimebaki wiki chache, anza na jaribio hili kabla ya kuhamisha kamera.